Bomba la Kwenye Muhtasari

Mwandiko mzuri uliniponza. Nalisema hili mapema ili msomaji asije akadhani nilikuwa kiongozi. Nilikuwa mwalimu wa darasa la nne, na mwandiko wangu ulinyooka hata pasipo mistari, basi kila palipotokea jambo la kuandikwa kitongojini kwetu Tunduma, iwe rambirambi, iwe mapatano ya posa, iwe barua ya kumwomba mtu afunge nguruwe wake, walinijia mimi. Ndivyo nilivyogeuka katibu wa mikutano ya kitongoji bila kuchaguliwa na mtu na bila kununuliwa hata soda. Na ndivyo nilivyokuja kuandika muhtasari wa mkutano wa kitongoji cha Tanzania uliofanyika Zambia. Nakala ninayo sandukuni. Anayebisha aje aone.

Siku hizo hatukuwa na mkoa wetu bado, tulihesabiwa Mbeya, na Tunduma ilikuwa mji mdogo unaonenepa haraka kuliko nguo zake. Nyumba zilibanana mpaka zikafika mpakani, na mpaka wenyewe zilikuwa bikoni za zege zilizosimama mbali mbali. Kati ya bikoni na bikoni, nchi mbili zilitenganishwa na uzio wa minyaa wa mtu, au kamba ya kuanikia nguo. Mama yangu mdogo aliolewa upande wa pili, na kutoka mlangoni kwetu hadi mlangoni kwake hazifiki hatua hamsini. Chumvi ikituishia tuliazima Zambia.

Mvua za mwaka ninaousema zilikuja na kipindupindu. Shule yetu ikafungwa, madarasa yakawa kambi ya wagonjwa, na palipokuwa madawati yangu pakaingia vile vitanda vyenye tundu katikati. Nikabaki nyumbani na chaki zangu. Vikapigwa marufuku vyakula vya barabarani, pombe za kienyeji, matanga, ngoma, mikutano ya kila namna na kushikana mikono. Hilo la mwisho liliwafurahisha wazee. Kwa watu wa kwetu salamu ya heshima ni kuchutama kidogo na kupiga makofi taratibu, na vijana walikuwa wameshaiacha wanasema ya kishamba. Bwana afya akafanya kwa wiki moja jambo lililowashinda wazee miaka yote. Ukipita njiani unasikia makofi tu, utadhani kuna harusi kila nyumba.

Sasa nije kwenye kisima, maana ndicho chenye maneno.

Kisima kilikuwa uani kwetu. Baba alikichimba kwa mikono yake mwaka ule maduka yalipoanza kuwa na sabuni tena, watu walipoanza kumiminika Tunduma kutafuta maisha. Alipofariki, mama alibaki na mimi na kisima, na sijui hata leo alimpenda nani zaidi. Maji hakuyauza. Mama alikuwa mtu wa milimani, wa Mbebe kule Ileje, ambako maji hutoka kwenye mwamba bure, na kwake kuuza maji ilikuwa kama kuuza salamu. Alichotaka yeye ni watu waje. Kuanzia alfajiri lango lilikuwa halifungwi, ndoo na madumu, wa huku na wa Zambia, kila mmoja anamwamkia, anaulizwa habari za nyumbani, anakosolewa kidogo alivyofunga kitenge, anachota, anakwenda. Mwanamke mjane asiyejua kusoma, na asubuhi nzima anaamkiwa kama mke wa mkuu wa wilaya.

Bwana afya alikuja wiki ya kwanza ya ugonjwa. Akasimama uani, akatazama vyoo vya majirani vilivyo upande wa juu, akatazama kisima kilicho upande wa chini, akatikisa kichwa. Akasema kifungwe.

Mama akamwambia, "Baba, nikikifunga leo watu watakunywa nini? Karatasi yako?"

"Wachemshe ya boza, mama. Boza la maji linakuja."

"Maji ya kuchemsha yana ladha ya sufuria." Akaifuta mikono yake kwenye kitenge. "Mimi si mbishi. Nileteeni bomba. Siku nitakayopewa bomba, kisima nitakifukia mwenyewe, kwa jembe langu."

Alilisema hilo mbele ya watu, na mtu wa Mbebe akishasema mbele ya watu, basi.

Siku chache baadaye alifariki binti wa jirani yetu. Alikuwa na miaka sita hivi, nilikuwa nikimtarajia aanze shule. Alilala kambini usiku mmoja tu. Watu wa kambi wakamzika wenyewe, na glavu zao na chokaa yao, hakuna matanga, hakuna kilio, mama mzazi akisimamishwa mbali kama mpita njia. Nyumba ile ilichota kwetu tangu imejengwa. Siku ile mama aliosha ndoo ya kisimani mara tatu, akaianika kifudifudi.

Nikamwambia, "Mama, sasa funga."

"Nimesema bomba."

Nilikasirika, na hasira yangu si ya kujificha. Nikamtamkia mama yangu maneno ambayo mtoto hamwambii mzazi, kwamba anapenda kuamkiwa kuliko anavyowapenda hao wanaomwamkia. Aliniangalia, kisha akaendelea kuchambua maharage. Maneno hayo niliyatamka mimi, na nimeishi nayo.

Kesho yake chai ilikuwa na harufu ya dawa. Mama, ambaye angeweza kukataa maji kwa sababu yamekaa kwenye dumu la rangi, aliinywa kimya. Nikafikiri dawa ni ya kwenye ndoo zetu.

Wiki hiyohiyo tarishi wa kata akaja na baiskeli yake, akamletea mwenyekiti wa kitongoji barua mbili. Mwenyekiti wetu alikuwa mzee fundi redio, mtu wa kukohoa mara mbili kabla ya kila sentensi, kama anayetafuta stesheni. Akaniita nimsomee. Barua ya kwanza ilisema mikusanyiko yote ni marufuku hadi hapo itakapotangazwa vinginevyo, na kiongozi atakayeruhusu mkusanyiko atachukuliwa hatua. Barua ya pili ilisema bajeti ya safari hii haitapangwa mezani tena bali itatoka kwa wananchi wenyewe. Basi kila kitongoji kifanye mkutano wa watu wote, kiibue fursa na vikwazo vyake, kichague kipaumbele kimoja, na muhtasari wenye mahudhurio ufike kabla ya Jumatatu. Kitongoji kisichofanya mkutano kitahesabiwa kuwa hakina mahitaji, na kiongozi wake atachukuliwa hatua. Mhuri mmoja, sahihi moja, tarehe moja.

Mwenyekiti akakohoa. "Yaani hii nikiitii, ile inanifunga."

"Ndiyo, mzee."

"Na ile nikiitii, hii inanifunga."

"Ndiyo, mzee."

Akatoka kwa miguu hadi kata kuuliza. Akarudi jioni na jibu. Alikuwa ameambiwa azingatie zote mbili.

Basi tukaanza kuzingatia. Mwenyekiti akashauri tupite nyumba kwa nyumba tukiuliza kila mtu anataka nini. Lakini kulikuwa kumetumwa mwezeshaji, kijana nadhifu kutoka halmashauri, Kiswahili chake kimepigwa pasi, begani amebeba bango kitita, yale makaratasi makubwa ya kufunuliwa, na mfukoni kalamu nene za rangi nne. Akasema nyumba kwa nyumba haikubaliki. Ushirikishwaji maana yake watu wawe pamoja, waonane, wabishane, waafikiane.

"Na marufuku?" nikamuuliza.

"Marufuku lazima izingatiwe."

Hakupepesa hata jicho. Mimi nimefundisha watoto miaka mingi, namjua mtu anayerudia alichokariri.

Mwenyekiti akashauri basi tufanyie mkutano kwenye foleni ya dawa ya maji, kwa kuwa foleni tayari ipo na watu wamesimama tu. Hapo bwana afya akaja juu. Akasema foleni ni mkusanyiko ulionyooka, na yeye anaivumilia kwa sababu ya dawa tu, mtu akifungua mkutano hapo ataivunja. Siku zikawa zinakwenda. Ilipofika Alhamisi tulikuwa uani kwetu, mwenyekiti, mwezeshaji, bwana afya na mimi, watu wanne tumekaa mbali mbali kama tuliogombana. Mama alikuwa pale kisimani anasuuza ndoo.

Akauliza bila kugeuka, "Kwani hiyo barua inavuka mpaka?"

Tukamgeukia wote wanne.

"Kwa mdogo wangu uwanja ni mpana," akasema. "Na kule hamna barua."

Mwenyekiti alikohoa mara tatu. Bwana afya alitazama minyaa, kisha akasema kwa sauti ya mtu aliyetuliwa mzigo, "Kule mimi si bwana afya. Kule mimi ni mtu tu." Kipindupindu kilikuwa kinavuka mpaka ule kila siku bila pasi. Barua ndiyo haikuvuka.

Basi Jumamosi asubuhi kitongoji kizima kikahamia Zambia. Watu walivuka na vigoda vyao, mikeka, watoto mgongoni, wakipenya kwenye pengo la minyaa mmoja mmoja ili wasiwe mkusanyiko wakiwa bado Tanzania. Upande wa pili kila anayeingia alichutama na kupiga makofi, na wenyeji wakiitikia, "Mwapoleni mukwai," na makofi yao. Kwa kuwa tulikuwa wengi na heshima ni heshima, salamu peke yake zilichukua karibu saa nzima.

Mwezeshaji hakuvuka. Tulimwita, akatikisa kichwa. Mtumishi wa umma haendi nje ya nchi bila kibali cha kusafiri, na kibali huombwa mapema, tena kwa maandishi. Akasimama Tanzania, ncha za viatu vyake zimegusa mizizi ya minyaa, akainua bango kitita juu ya uzio kwa mikono yote miwili na kuanza kuwezesha kwa kupiga kelele. Kando yake alisimama bwana afya na ndoo ya dawa, akihakikisha kwamba upande ule hawazidi watu wawili. Upepo ulikuwa unatoka Zambia, na kila mara kijana wa watu alipofungua ukurasa wa fursa, upepo ulimrudisha kwenye vikwazo.

Alikuwa amechora vipaumbele vinne ili wasiojua kusoma nao washiriki: ofisi ya kitongoji, kalvati, dampo na bomba la maji. Bomba alilichora vibaya. Bibi mmoja aliuliza kwa nini serikali inataka kutugawia bata. Mwenyekiti akaeleza kwamba si bata, ni bomba, na alipomaliza akaeleza kwa kirefu zaidi uzuri wa ofisi, kwamba kitongoji bila ofisi ni kama redio bila kasha. Kila mtu alijua nani angekaa kwenye hiyo ofisi.

Kura ilikuwa ya maharage. Kila mtu anapewa punje moja, anaiweka kwenye sahani ya kitu anachokitaka. Bwana afya, kwa kuwa punje zingeshikwa na watu wengi, alikuwa ameziloweka kwenye dawa tangu jana yake ili zife vijidudu. Zilipofika kwetu zilikuwa zimevimba, zinateleza na kunuka hospitali. Kuku wa mama mdogo walisogea, wakanusa, wakaondoka zao.

Ndipo likazuka la wenyeji. Jirani wa mama mdogo, mama mnene mwenye sauti, aliuliza mbona wao hawapewi punje. Mwenyekiti akakohoa, akamweleza kwa adabu kwamba hii ni bajeti ya Tanzania.

"Uwanja ni wetu," yule mama akasema. "Mikeka hiyo ni yetu. Na maji tunachota kwa huyo dada wa jirani yangu, kisima kimoja na ninyi. Mgeni gani anakuja kwako anakula peke yake?"

Huku kwetu huwezi kukaa uani kwa mtu, ukagawa kitu, ukamruka mwenye ua. Haipo hiyo. Hata mwenyekiti, na ofisi yake yote kichwani, hakuweza. Wazambia wakapewa punje. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwezeshaji alikuwa anapiga kelele huko nyuma ya minyaa kwamba si utaratibu, lakini hakuwa na kibali cha kuja kutuzuia.

Tukahesabu. Punje nyingine zilikuwa zimeshatoka ganda na kupasuka vipande viwili, ukazuka ubishi kama vipande viwili ni kura moja au mbili, na wa ofisi walitaka ziwe mbili kwa sababu zilikuwa kwao. Nikasema kwa sauti ya darasani kwamba nusu na nusu ni moja, na asiyeridhika aje darasa la nne shule ikifunguliwa. Sahani ya bomba ilikuwa imefurika.

Ila mama alikuwa hajapiga kura. Alikuwa amekaa kwenye kigoda chake, punje imo kiganjani, na watu wakaanza kuliona hilo. Kila mtu pale alijua bomba likija kisima kinakwenda. Mimi nilikuwa na kalamu mkononi na sikuweza kumtazama usoni.

Akauliza, "Hilo bomba litakuwa na msimamizi?"

Mwenyekiti akamgeukia mwezeshaji. Sauti ikavuka minyaa kutoka Tanzania, "Msimamizi anachaguliwa na mkutano!"

"Basi mchague," mama akasema.

Hakuna aliyetaja mtu. Yule jirani yetu aliyefiwa na binti alikuwa amekaa mkeka wa mbele. Ndiye aliyeanza. Alichutama, akamgeukia mama, akapiga makofi, na uwanja mzima ukapokea, wa huku na wa kule. Mama akainuka, akaenda taratibu, akaiweka punje yake kwenye sahani ya bomba. Mimi nikaandika, chini ya Mengineyo, kwamba mkutano umemchagua mama mjane mwenye kisima kuwa msimamizi wa bomba la kitongoji.

Kwetu jambo likishaafikiwa hupigiliwa mambo, yaani kijiti cha alama, palepale, kabla watu hawajalala wakageuza mawazo. Mwenyekiti, pamoja na uchungu wake, alikuwa mtu wa desturi. Tulirudi Tanzania mmoja mmoja, mwenyekiti akachonga kijiti cha mti mgumu, akakipigilia kwenye uwazi wa njia panda ambapo bomba lingesimama.

Jumapili, baada ya ibada ya nyumbani, niliona jembe limeegemezwa kwenye kisima. Mama alikuwa ameshaanza. Udongo ulikuwa unaingia kwa vishindo, akisimama kupumua, akiendelea.

"Mama, bomba bado."

"Nimepewa bomba. Mmenichagua, umeandika mwenyewe."

Jamani. Nilitaka kisima kifungwe tangu bwana afya alipotikisa kichwa, na sasa kinafungwa kwa sababu mama ameamini kwamba kitu kikiandikwa kwenye muhtasari kimeshakuwepo. Mimi ni mwalimu, kazi yangu ni kumtoa mtu ujingani. Nikachukua jembe la pili. Majirani walikuja mmoja mmoja na makoleo, na alasiri bwana afya akaleta chokaa. Pale juu kabisa mama aliiweka ile ndoo, kifudifudi.

Jumatatu asubuhi nikamkuta njia panda. Ameweka kigoda chake kando ya kijiti, amefunga kitenge kipya.

"Unafanya nini hapa?"

"Nasimamia."

Na kweli alisimamia. Sasa watu walikuwa wanachota mbali, kwenye boza linalokuja likitaka, na kwenye chemchemi ya kule bondeni, na wote wakirudi lazima wapite njia panda. Mama hakumwacha mtu apite na ndoo hivihivi. Bwana afya, ambaye kwa mara ya kwanza tangu ugonjwa uanze alikuwa amepata msaidizi aliyechaguliwa na wananchi, alimpa debe la dawa na kijiko. Ndoo ikija, mama anasimama, anaamkiwa kwa makofi, anauliza habari za nyumbani, anatia kipimo chake cha dawa, anahesabu midomoni, anasema pita. Mwenye kubisha aliulizwa kama alikuwepo mkutanoni. Nilimwona mpiga debe mmoja wa stendi, mtu wa matusi, amesimama mbele ya kijiti na dumu lake kama mtoto anayesubiri chanjo. Wazambia nao walizunguka makusudi kupita kwa msimamizi, kwa kuwa nao walimchagua.

Kambi ikaanza kukosa watu wa kwetu. Vitanda vyenye tundu vikatoka, madawati yakaingia, nikarudi darasani na chaki zangu.

Barua ya halmashauri ilikuja siku ya pili ya shule. Nilitoka darasani jioni nikaikuta kwa mwenyekiti, ameiweka juu ya redio iliyofunguliwa tumbo. Ilisema muhtasari wetu umepokelewa na haukubaliki. Mkutano ulifanyika nje ya eneo la utawala, kwa kuwa mimi, mpumbavu wa ukweli, niliandika mahali pa mkutano kama palivyokuwa. Idadi ya waliopiga kura ilizidi idadi ya wakazi. Mwezeshaji hakuwepo ndani ya mkutano aliouwezesha. Hata hivyo tulipongezwa kwa ushirikishwaji wa hali ya juu. Kitongoji kilihesabiwa, kwa safari hii, kuwa hakina mahitaji.

Mwenyekiti akanisukumia. "Wewe ndiye katibu. Hifadhi."

Nikaihifadhi. Niliiweka chini kabisa ya sanduku, chini ya vitenge vya mama vya zamani, na sikumwambia. Kila siku nilipita njia panda nikienda shule, namwona amekaa kando ya kijiti, na kila siku nilijiambia kesho. Mvua zikaisha. Kiangazi kikaingia, vumbi la malori likamfunika, naye yupo. Madereva waliokuwa wanasubiri kuvuka walimuuliza, "Mama, unauza nini hapo?" Aliwajibu kwamba yeye ni msimamizi wa bomba. Walitazama huku na huku, wakacheka. Siku niliyomsikia mmoja anamwita kichaa, nilirudi nyumbani badala ya kwenda shule, nikafukua sanduku, nikaichukua barua, nikamfuata.

Nilichutama mbele yake, palepale vumbini.

"Mama, kuna barua."

"Ile ya chini ya vitenge?"

Nikaitoa mfukoni.

"Tarishi aliniambia siku aliyoileta," akasema. "Alipita hapa na kiu, akaniomba maji, nikamwambia sina. Akacheka, akasema basi hutayapata tena, mmekataliwa."

"Ulijua siku zote hizo?"

"Hata kabla ya barua. Mwanangu, wewe unadhani mimi naweza kuona bomba kwenye karatasi? Mimi nimetoka Mbebe, sijatoka mwezini."

"Sasa kisima ulikifukia kwa nini?"

Alichukua kijiko cha dawa akakifuta kwa ncha ya kitenge.

"Yule mtoto alikunywa maji yangu," akasema. "Kesho yake asubuhi mama yake alikuja na ndoo ileile, akaniamkia, akachota. Nilikuwa nimeshamwaga dawa kisimani kabla hamjaamka, nikawa namwaga kila alfajiri, wewe unakunywa chai unakunja uso. Lakini kukifunga nilishindwa. Ningekifunga siku ile, ningekuwa nimemwambia."

"Ungekuwa umemwambia nini?"

"Kwamba ni mimi." Akakiweka kijiko juu ya debe. "Nilitaka nikifunge kwa sababu nyingine. Mkaniletea."

Nilikuwa nimeishika ile barua kwa mikono miwili. Nilitaka kumwomba radhi kwa lile neno nililomtamkia siku ile akichambua maharage, na midomo yangu ilikuwa imeshafunguka, lakini yeye alikuwa anatazama njia ya bondeni.

"Nipishe," akaniambia. "Kuna mtu anakuja."

Alikuwa jirani yetu, mama wa yule binti, na ndoo kichwani. Akaitua kando ya kijiti. Mama aliinuka, akatia dawa, akahesabu midomoni hadi mwisho. Kisha wakachutama wote wawili, wakapigiana makofi, na mama akamuuliza habari za nyumbani.